Kiwanja Namba Saba

Lami ilituacha kwenye daraja la magogo,
ikabaki changarawe, kisha vumbi, kisha mashimo matupu,
na trela ya marehemu baba ikiguna nyuma yetu
kama mgonjwa anayehamishwa wodi.
Garth, kaka yangu, ndiye aliyeshika usukani.
Tangu Orofino hajasema neno.

Namba saba. Ndiyo ile ile:
meza ya mbao yenye kovu la shoka,
duara la mawe na majivu ya watu wengine,
mierezi iliyosongamana
hata mchana huingia kwa kuchungulia.
Hakuna nguzo. Hakuna bomba.
Choo ni shimo, mlango wake hufungwa kwa kamba ya kiatu.
Mtoni ni hatua mia mbili kumi na nne:
nilizihesabu nina miaka tisa, dumu likinigonga goti.
Leo nimehesabu tena: mia moja sabini.
Ama mto umesogea,
ama ni miguu.

Brinley, binti wa Garth, anaizunguka trela
na waya wa simu mkononi
kama mtu aliyebaki na kamba, mbuzi kapotea.
"Tunachomeka wapi?"
Baba yake anamwonyesha msitu mzima kwa kidevu.

Sheria za mzee Verlin bado zipo,
kwa penseli ya fundi, nyuma ya mlango wa kabati:
Vyombo ni vikombe viwili vya maji, basi.
Amwagaye ndiye achotaye.
Chakula kisilale nje, dubu hana adabu.
Na chini, kwa herufi za kupiga kelele:
BETRI NI YA REDIO YA MAMA YENU.

Wengine walipiga kambi bondeni,
kwenye soketi na maji ya moto,
nasi tulifundishwa kuwacheka.
"Wale wamehamisha sebule," baba alisema,
nasi tukacheka, meno yakigongana kwa baridi.
Garth ameisimulia hiyo miaka thelathini,
baa hata baa, kifua mbele.

Usiku, nikitafuta kiberiti,
nikakuta daftari chini ya droo, limejikunja kwa unyevu.
Mwaka ule kiwanda cha mbao kilipofungwa.
Mwandiko wake, wa mtu anayeogopa kuharibu karatasi:

Bondeni, siku sita: 168.
Juu: bure.
Viatu vya watoto: 61.
Dawa ya Oleta: 94.
Na pembeni, bila namba:
Nyota huku ni nyingi. Waambie.

Nilimpa Garth.
Alisoma kwa mwanga wa taa ya dari,
akasoma tena, akalaza kiganja juu ya ukurasa
kama anayemfumba mtu macho.
Kumbe dhiki ile ilikuwa imevishwa nguo ya sikukuu,
nasi tukaicheza ngoma bila kuuliza mshonaji.
"Alinidanganya," akasema.
Kisha: "Au hapana."
Kisha akaenda kukaa juu ya jenereta,
jipya, bado ndani ya boksi lake,
alilolinunua kwa ajili ya safari hii
na kulificha chini ya turubai nisilione.

Taa ikageuka njano, ikawa kaa la moto,
ikakata roho.
Ng'ambo ya mto kulungu dume akapiga mbinja,
ndefu, nyembamba, mwisho wake mkoromo,
na harufu ya sufuria la maharage ikabaki peke yake.

Brinley alikuwa nje. Simu yake ilikuwa imekufa zamani.
Tulimsikia akijikwaa, akitukana kidogo,
halafu kimya. Halafu:
"Baba, toka uone. Mbona ziko nyingi hivi?"

Boksi likalia chini ya uzito ulioinuka.
Garth akavuta pumzi.
Nilijua atakachosema,
nikamwachia aseme.