Saa Zisizolipa

Mhadhiri Hrdlička, chaki vidoleni
ingawa ubao siku hizi ni wa umeme,
hutuambia kila Jumanne: data si taarifa,
taarifa si uamuzi,
na uamuzi usiotokana na taarifa ni kubahatisha.
Nimeyaandika hayo mara tatu.
Mtihanini yana alama mbili.

Muhula huu ni wa majedwali.
Kila kitu kiwe na mstari wake, kila mstari na ufunguo wake,
na ufunguo usijirudie.
Nikauliza: na mtu mwenye majina mawili?
Akasema, mchagulie moja.
Darasani mimi ni Zdenka, jina nililopewa na jirani
aliyeshindwa kutamka Bich Thuy
nilipokuwa na miaka minne na mafua.
Nikanyamaza. Mfumo wa chuo ulishachagua.

Kazi ya mwisho: tafuta biashara halisi,
ijengee mfumo, toa pendekezo kwa uongozi.
Wenzangu wakapata kiwanda cha bia, kliniki ya meno;
Radovan akapata kampuni ya lifti ya baba yake.
Mimi nina duka la mama, kona moja ya Brno,
mita za mraba thelathini na mbili,
maziwa, sigara, betri, tangawizi,
na uongozi wake umekalia kreti
unamenya chungwa.

Hifadhidata yake ni daftari la shule lenye picha ya farasi.
Ameandika kwa Kivietinamu, na wateja humo hawana majina.
Kuna Mbwa Mweupe. Kuna Ghorofa ya Tatu.
Kuna Anayekohoa, anadaiwa koruna mia moja na kumi,
na chini yake Anayekohoa Mwingine.
Nilicheka, kisha nikakesha
nikiwatafutia funguo.

Wiki sita nikaingiza risiti.
Bei ya mkate nikaijua kuliko nambari ya simu yangu.
Halafu nikabonyeza, na grafu ikasimama:
asubuhi juu, jioni juu zaidi,
na kuanzia saa nne usiku hadi saa sita, chini,
chini hata ya gharama ya taa,
siku tano kwa wiki.
Jumamosi na Jumapili hufunga saa tatu.
Hilo sikuliuliza. Mfumo nao haukuliuliza.

Nikampelekea ripoti, kurasa nne, rangi mbili,
nikamsomea kwa sauti ya Hrdlička:
Uongozi unashauriwa kufunga saa nne kamili.
Hasara itapungua kwa asilimia kumi na tisa.
Mama akaigeuza grafu, akaigeuza tena,
akaweka kidole chenye maji ya chungwa
pale pale penye shimo.
"Tramu yako ya mwisho hufika saa ngapi?"

Saa tano na dakika arobaini.
Jumatatu hadi Ijumaa, maktaba inapofungwa.
Kutoka kituoni hadi mlangoni petu taa za barabara ni mbili,
moja mbovu tangu niko sekondari,
na kuna mwanga wa tatu,
ule niliouona kila usiku
nikidhani ni biashara.

Hakusema zaidi. Alikuja mtu wa betri.

Alhamisi nikawasilisha. Majedwali saba,
kila mshale umefika uendako.
Hrdlička akaandika kwa wino wa kijani:
muundo safi, uchambuzi mzuri, pendekezo halipo.
C.
Ni kweli, halipo. Nililiandika nikalifuta,
nikaliandika kwa maneno mengine,
nikalifuta.

Jana nimetoka maktaba saa moja, kabla theluji haijashika reli.
Nimesomea dukani, juu ya kreti ya pili,
koti begani, kompyuta magotini.
Saa nne ikagonga.
Nikasema, mama, mimi nipo hapa. Funga.
Akachungulia nje, akafuta kioo kwa kiganja.
"Subiri kidogo. Anayekohoa hajapita."
"Yupi?" nikauliza.