Macho Mawili

Walituambia mtaalamu anakuja Makutupora,
tukafagia njia ya shambani kama ya askofu.
Mimi na Dorika tukapanda tela la trekta
tumwone mzungu akishuka na kofia yake.

Akashuka mwanamke mfupi,
rangi yake udongo wa Hombolo ulionyeshewa jana,
nywele kasuka mikia miwili hadi kiunoni,
viatu vimechakaa kuliko vya bwana shamba.
Tukaendelea kuutazama mlango wa gari.
Hakuna mwingine aliyeshuka.

Eulalia, alisema. Wa Bolivia, bonde la Tarija.
Sisi tukasikia Ulalia,
tukacheka mpaka tela likatikisika:
ulalia nini, mama, kitanda au mkeka?
Jina lina usingizi, mwenyewe hana.
Saa kumi na moja alfajiri, vumbi bado limelala,
yeye yuko mstarini na mkasi.

"Acha macho mawili," alitufundisha,
"juu yake, kata."
Macho ni vile vifundo vya tawi,
jani la mwakani limejikunja humo halijafungua.
Akagusa tone lililotoka kwenye kidonda.
"Mzabibu huyu analia."

Mdomo wangu haukuniomba ruhusa.
"Si huyu, mama. Huu. Mzabibu huu unalia."

Kimya.
Bwana shamba akanitolea macho,
na ya kwake hayakuwa mawili, yalikuwa kumi.
Mtoto wa kibarua, darasa la sita,
pua imeziba vumbi la mwezi wa nane,
anamsahihisha mgeni wa serikali!
Yeye akachomoa daftari mfukoni.
"Huu," akaandika. "Na ikiwa mingi?"
"Hii. Mizabibu hii inalia."
"Asante, mwalimu."
Siku ile nilirudi nyumbani mrefu,
nikainama mlangoni nisijigonge.

Alikuwa na picha ya mama yake.
Kikofia cha duara utosini, kama kikombe kilichofunikwa
(tulikicheka hicho pia),
mgongoni kitambaa cha mistari,
ndani ya kitambaa, kichwa cha mtoto.
"Huyo mimi."
Mama yake alichuma zabibu za watu miaka thelathini,
akapokea ujira kwa dole gumba.
Dorika akaurudisha mkono wake nyuma, akaubebesha mtoto hewa,
akasema, "Kumbe nao hubeba."

Lakini kisa chenyewe ni cha Alhamisi.
Mama yangu alikuwa mstari wa nne, anapogoa.
Eulalia akasimama nyuma yake, akakawia.
"Kwa nini unakata mshazari?"
Mama hakugeuka.
"Maji yasilale kwenye kidonda."
"Nani alikufundisha?"
"Mzabibu uliokufa."

Daftari likatoka.
"Jina lako?"
"Mama Nyemo."
"Hilo la mtoto. Lako."

Mama akaufuta mkasi kwenye khanga, akaufuta tena,
kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu
asichojua kwamba anacho.
"Persida," akasema. "Persida Chidosa."
Nililijua jina hilo kwenye kadi ya kliniki.
Shambani sikuwahi kulisikia.

Imepita miaka kumi na tisa.
Eulalia aliondoka kabla ya mavuno,
ikaja barua moja, stempu ina mlima wenye theluji,
kisha basi.
Watu wanaona kitambulisho cha utafiti shingoni mwangu,
wanauliza nani alinionyesha njia.
Nasema: mwanamke wa Bolivia.
Wanatikisa vichwa, wameridhika,
maana kitokacho mbali hakikosi utamu.
Siwaambii kwamba alinionyesha kwa kidole,
na kidole kilielekea mstari wa nne.

Leo upepo umeamka na ugomvi.
Nina mistari sita kabla jua halijakaza,
na mama, magoti yakimuuma, amekaa kwenye ndoo
ananihesabia macho kwa sauti.
Nakata mshazari.