Daftari la Msoma Rula

Ndugu wa Ofisi ya Bonde, Mwanza,
daftari la mwaka huu limeloa pembeni, mnisamehe.
Mimi ni Nyanzobe binti Lushinge, wa kijito cha Ng'wabuki,
nje ya Magu. Mnanijua kwa mwandiko tu:
saba yangu ina mkanda kiunoni,
sifuri yangu haifungi.

Miaka kumi na tisa, asubuhi na jioni,
nashuka na viatu mkononi,
nasoma maji yamefika wapi kwenye rula ya chuma,
naandika. Hakuna aliyewahi kuniuliza
yalikuwa na rangi gani.
Safu ya rangi haipo.

Basi nawaambia.
Walipokata msitu wa kilimani, mkaa, malori ya usiku,
mwaka wa kwanza kijito kiliongezeka.
Ndiyo. Kiliongezeka. Someni ukurasa wa kumi na nne.
Diwani alikuja akapiga picha kando ya rula,
akasema: mnaona? Miti ndiyo ilikuwa inayanywa.
Na kwa namba zangu hakusema uongo.
Hilo ndilo lililoniuma,
kwamba mkono wangu ulimwandikia ushahidi.

Lakini yale hayakuwa maji ya kukaa.
Yalikuja kama mgeni mlevi: mlango kwa teke,
usiku mmoja, akaondoka na godoro.
Yalikuwa mekundu. Yalishusha shamba la viazi la Kwandu
mpaka ziwani, wavuvi wa dagaa wakasema
nyavu zinanuka udongo wa kwetu.
Agosti rula ilisimama kwenye mchanga mkavu.
Niliandika sifuri. Sifuri. Sifuri.

Usiku mmoja wa sifuri hizo niliandika pembeni
mistari hii, nanyi mkaichora msalaba mwekundu:
*hairuhusiwi*. Naiandika tena.

   Mlima ukivuliwa, nguo yake ya asili,
   Mvua haitapokewa, hushuka kwa ukatili,
   Kiangazi tukijiwa, twachimba mchanga mbali,
   Usihesabu ukali, hesabu yanayokawa.

Kisha ukaja mradi. Miche elfu nane ya mikaratusi,
fulana za bure, soda. Kumi na miwili niliipanda mwenyewe.
Ikarefuka upesi, imenyooka kama askari wa gwaride,
na chini yake hata nyasi hazikuthubutu.
Kilima kikawa kijani, wakashangilia kijani.
Mimi nikashuka na viatu mkononi
nikakuta chemchemi imebaki jasho la jiwe.
Safari hii diwani hakuja kupiga picha.

Je, miti inakunywa? Inakunywa,
kama mpishi anavyoonja mboga.
Swali ni huyu anaonja, au anamaliza chungu.

Hatukungoja mradi wa tatu.
Tulikata mikaratusi ya bondeni, tukaiuza nguzo,
na mteremko wa juu tukaufunga ngitiri
kama walivyofunga bibi zetu malisho ya ndama.
Hatukupanda kitu. Visiki vya zamani
vilikuwa hai muda wote, vinatusubiri tuondoke.
Shigela aliingiza mbuzi, akatozwa faini, akanuna
hadi leo hanisalimii.

Sasa namba. Mtaona jumla ya mwaka huu
ni ndogo kuliko ule mwaka wa shoka.
Msiandike "imepungua" mkafunga faili.
Fungueni Septemba, tarehe kumi na moja,
mwezi ambao kwa miaka saba sikuandika
ila ile namba yangu isiyofunga.
Sentimita nne.

Nilisoma mara mbili. Nikaita mtoto wa Kwandu asome.
Nne, alisema, mbona unalia, mama, ni nne tu.

Ombi langu ni moja: mwakani mkichapa daftari jipya
ongezeni safu. Hata nyembamba.
Mwaka huu ningejaza hivi:
yalikuwa meupe.
Niliona vidole vyangu vya miguu.