Gauni Lenye Mlio

Halszka hakuniuliza kama nataka.
Alinipima mabega kwa kamba ya kiatu,
akafunga fundo pale nilipoishia,
akasema, "Wewe utavaa la mwisho."

Hapa palikuwa kiwanda cha pamba, mji wa Łódź.
Bibi yangu aliacha kidole ghorofa ya tatu.
Sasa ghorofa ya tatu ina njiwa, ina baridi,
ina cherehani moja yenye kikohozi,
na sisi wanne tuliosimama na soksi tu
tukisubiri kugeuzwa viumbe.

Dada mmoja, Kinga, alipewa miavuli:
kumi na minane, yote imevunjwa na upepo wa Novemba,
imeokotwa kwenye mapipa ya vituo vya tramu.
Akawa popo mwenye mbavu za chuma,
popo asiyepita mlangoni.
Tulijaribu ubavu. Tulijaribu kinyumenyume.
Mwishowe Gniewko akaleta bisibisi, akang'oa mlango,
nao ukaegemea ukutani usiku kucha
kama mgeni asiyejua kaalikwa na nani.

Gniewko mwenyewe alivaa kanda za kaseti,
muziki wa harusi za watu asiowajua,
umening'inia toka utosini hadi visiginoni.
Akijitikisa, harusi ishirini zinanong'ona.
Sketi ya Ludmiła ilikuwa tiketi za basi.
Moja ilikuwa na alama ya mdomo, nyekundu;
Halszka aliishona mbele kabisa.
"Hiki ndicho kito," akasema.

Usitupe mbachao, husemwa.
Halszka hatupi hata uzi alioukata:
huubana kwa midomo, akaendelea kugomba nao humo humo.

Halafu langu.
Mifuko mitatu, imefungwa kwa utepe wa buluu.
"Usicheke." Nami nilikwisha kucheka.
Ndani, vile vikaratasi vya fedha vinavyobeba vidonge,
elfu mbili na ushei,
kila kijumba kimebonyezwa, kimetoboka, kitupu.
Vya moyo. Vya maji mwilini.
Vya kuvumilia hivyo vingine.
Miaka minne ya mama yake, Leokadia,
aliyekataa kutupa kitu kilicholipiwa.

Aliviunga kwa waya wa simu, kimoja juu ya kingine,
magamba ya samaki ambaye hakuwahi kuogelea.
Na shingoni ukosi:
picha za eksrei zimekatwa kama petali,
mbavu juu ya mbavu.

Nguo ya kuazima haisitiri.
Hii wala haikukusudia kusitiri.

Usiku wa onyesho watu walibaki na makoti yao.
Nikatembea. Sikufundishwa mwendo,
gauni lilikuja na mwendo wake.
Hatua ya kwanza: mvua juu ya bati.
Hatua ya pili: mtu jikoni, saa nane za usiku,
anabonyeza kidonge polepole
asimwamshe binti.
Watu wakacheka, kisha wakaacha,
si wote kwa pamoja.

Taa ya nyuma ikawaka mapema,
kosa la Gniewko, miguu imenaswa na harusi za watu,
ikanipenya ukosini.
Na ukutani, pale mashine zilipong'olewa,
mbavu za Leokadia zikatandazwa, kubwa kama tramu,
zikipanda, zikishuka,
kwa kuwa mimi nilikuwa nahema.

Nikamtafuta Halszka kwa macho.
Alikuwa kwenye uwazi ule usio na mlango,
uzi mdomoni,
akihesabu kitu kwa vidole.

Baadaye, nimekwisha kuvuliwa,
ngozi yangu ina mikwaruzo midogo ya fedha,
nikamuuliza alikuwa akihesabu nini.

"Kuna kijumba kimoja hakijatobolewa," akasema.
"Kwapani, upande wa kushoto. Nilikiacha hivyo hivyo.
Jumapili moja alisahau. Au alichoka.
Kesho ukiinua mkono,
uinue taratibu."