Saini Sita, Dole Moja

Swali la kumi na nne kwenye dodoso langu:
Je, ni nani huamua mambo ya shule hii?
Nililitunga Kathmandu, ghorofa ya tatu,
feni ikipeperusha karatasi, chai ikipoa,
nikaliona swali zuri.

Saa tisa za basi, mbili za miguu,
hadi kilima cha Wathami, wilaya ya Dolakha,
magoti yakinilaumu kila ngazi ya jiwe.
Mwalimu Bishnumaya Jirel alinipa mkono wenye chaki,
akanionyesha darasa la kwanza na la tatu
katika chumba kimoja, yamepeana migongo,
ubao huku, ubao kule,
na yeye katikati
kama mlango unaofunguka pande zote mbili.

Kamati ya shule ipo?
Ipo.
Hukutana?
Akachungulia dirishani kwanza.
Hukutana.

Akaleta daftari la mihutasari, kona imeguguniwa na panya.
Ajenda ya pili: mabati ya paa.
Imepitishwa kwa kauli moja.
Chini yake, kwa wino wa zambarau, madole gumba sita,
kila moja na jina lake:
Sanumaya, Dilmati, Buddhimaya,
Jethi, Pabitra, na Kanchhi wa nyumba ya juu.

Mimi ni mtu wa takwimu, si mpelelezi.
Lakini jua la saa kumi liliingia kwa mshazari
nikaona kovu:
uzi mwembamba uliokatiza mizunguko ya ngozi.
Kwa Sanumaya, kovu. Kwa Dilmati, kovu.
Nikafuata hadi kwa Kanchhi.
Mundu gani huo, uliowakata wanawake sita
mahali pamoja, upande mmoja, urefu uleule?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hapa kimoja kilikuwa kimeezeka shule.

Sikuuliza. Nilitazama tu mkono ulioshika birika.
Akalitua, akaukunjua mkono juu ya meza
kama mtoto anayekaguliwa kucha.

“Mwezi wa Asar ukiisha, fedha zinarudi hazina.
Wilaya ilitaka muhtasari wenye akidi.
Wenye akidi walikuwa shambani, wanapandikiza ulezi.
Niliwafuata, tuta kwa tuta, daftari kichwani chini ya plastiki.
Dilmati akasema, Mwalimu, dole langu tope tupu, weka lako.
Wenzake wakacheka: weka lako, weka lako!
Jethi peke yake ndiye aliyeuliza bei ya bati,
akasema ni ghali, tukaibishania bei hiyo
hadi maji yakanifika magotini.
Dokta, huo haukuwa mkutano?”

Nimeandika kurasa arobaini juu ya uwajibikaji.
Nina mchoro wenye mishale:
wizara, wilaya, kamati, mzazi.
Hakuna mshale unaopita kwenye tope.

Usiku nililala darasani, kwenye madawati mawili.
Mvua ikashuka juu ya yale mabati
kwa kishindo cha mtama ukimwagwa kwenye sinia,
na tone halikunigusa, hata moja.
Nililala macho, nikiwa mkavu, nina hasira,
sijui hasira ya nani.

Sasa wafadhili wanauliza:
mbona shule namba ishirini na saba
kisanduku cha “ushiriki wa jamii” kiko wazi?
Chaguo ni matatu: Upo. Haupo. Hakuna taarifa.
Naanza kuandika, nafuta.
Nikiandika Upo, nimempiga muhuri mwongo wa kesho
atakayekula mabati bila kulowa magoti.
Nikiandika Haupo, nimemfukuzisha kazi
mtu niliyekunywa chai yake.

Asubuhi ya kuondoka aliniletea kitabu cha wageni.
Kalamu yangu, iliyojaza madodoso ishirini na sita,
ikakwaruza, ikakataa.
Hakusema neno. Akanisogezea kidau cha wino.

Dole langu halina kovu.
Liko pale bado, chini ya tarehe,
la zambarau, laini, halijui kitu.