Alama kwa Diski ya Tatu

Nimefunga mapazia, nimezima friji isinigunie.
Nje, tramu ya Łódź inasaga theluji kwenye kona.
Mezani nina matoleo matatu ya filamu ile ile,
na daftari, na chai iliyokwisha poa.
Ndiyo kazi yangu: nalipwa kuuliza
nyeusi ni nyeusi kiasi gani.

La kwanza ni kaseti. Mkanda umechoka,
picha inatetemeka kama mtu aliyetolewa majini.
Televisheni ya enzi zile iliipogoa pande mbili
ipate kuenea kwenye kioo chake kifupi.
Naandika: mbili kati ya kumi.
Siandiki kwamba hii ndiyo niliyoipenda.

La pili, diski ya kampuni moja ya Hamburg.
Wamesafisha. Mungu wangu, wamesafisha!
Hakuna mkwaruzo, hakuna vumbi,
wala hakuna ngozi.
Chembe zimepanguswa pamoja na vinyweleo,
na jasho, na makunyanzi ya msimamizi wa kiwanda;
watu wote wamekuwa mishumaa inayosema.
Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.
Nne. Na zote nne ni za sauti.

Miaka ishirini naandika hili na hawasikii:
chembe ndiyo picha yenyewe, fedha iliyoungua
mahali pale pale mwanga ulipogusa.
Ukiisugua, unaosha dirisha
mpaka mtaa unatoka.

La tatu limefika juzi kwa posta.
Negativi halisi, iliyokutwa ghalani Wrocław
ndani ya makopo ya kutu, ikasomwa upya fremu kwa fremu.
Naruka moja kwa moja
dakika ya arobaini na moja:
king'ora, lango la kiwanda, wanawake wanatoka zamu.

Kila Mkesha wa Krismasi, baada ya samaki,
kaseti tuliisimamisha hapa.
"Yule pale! Mwenye kitambaa cha madoa!"
Mjomba Ziemowit aligusa kioo kwa kidole chenye mafuta.
Waa jeupe lililojifunga kitambaa: mama yetu,
mfumaji, ambaye alisema tu, "Nilikuwepo siku hiyo,"
akaenda kuosha sahani.

Sasa waa lina uso.
Lina kishimo shavuni, lina pengo.
Linainua mkono wa kushoto kurekebisha kitambaa,
nahesabu, narudisha nyuma, nahesabu tena.
Vidole vitano.
Mtambo wa kufuma ulimla mama viwili
miaka mitatu kabla ya filamu hii.

Macho hayana pazia.
Vivuli vimepangika, kijivu juu ya kijivu;
hata uzi unaoning'inia kwenye pindo la mgeni yule
nauona, naweza kuukata.

Wacława anapiga simu kutoka Gdynia.
"Umeipata? Anaonekana?"
Nakoroga chai ambayo sikuitia sukari.
"Anaonekana," nasema. "Kila kitu kinaonekana."
Analia kidogo, ananiagiza nakala mbili.

Usiku nairudia bila kalamu.
Pembeni kulia, pale televisheni ilipokuwa ikikata,
upana kamili umerudisha shubiri moja ya ukuta,
na katika shubiri hiyo mtu anapita:
koti, bega, nusu ya shavu,
fremu kumi na moja, kisha ukuta tena.
Kitambaa hana. Uso kaugeuzia kwingine.
Mkono wa kushoto kauzamisha mfukoni.

Kulikuwa na baridi; wengi walitia mikono mfukoni.
Nasogeza fremu moja, nasogeza nyingine.
Chembe zinachemka shavuni pake, hazitulii.

Kwenye daftari: tisa.
Nafuta.
Naandika tena tisa.