Nusu ya Kuonana

Nilipanga nusu ya dirisha kwa kinyozi Mjamaika,
barabara ya Foleshill, Coventry, mwaka ule theluji ilianguka mara mbili tu
na mara zote mbili Jumatatu.
Nusu yake: mikasi, mafuta, picha za vichwa.
Nusu yangu: meza ya kukunja, kikokotoo, waya tatu,
na bango nililoliandika mwenyewe kwa rula:
KADI ZA SIMU. MILIO YA SIMU. ULIZA.

Wakauliza.
Kadi ya paundi tano iliahidi dakika sitini kwenda Mombasa.
Ahadi ile, wallahi, niliisoma kama walivyoisoma wao.
Kumbe kuunganishwa kuna ada, kukatika kuna ada,
na dakika yao ina sekunde arobaini na tano.
Alhamisi walirudi, makucha yana vumbi la fedha:
"Mama Shamte, umetuuzia upepo."
Nikasema upepo hauna namba ya siri.
Sikucheka mimi. Alicheka kinyozi, wala hajui Kiswahili.

Nikakaa nikasikiliza. Simu ilikuwa mezani pangu,
walipigia hapo hapo, mbele ya wanaosubiri kunyolewa.
Nikamgundua mwizi mwingine:
Hujambo. Sijambo. Habari za huko. Njema. Za watoto. Wazima.
Za baridi. Ipo. Za mguu wa shangazi. Bado.
Na nyinyi huko, salama? Salama. Salama kabisa? Salama tu.
Dakika kumi na moja na hakuna aliyesema kitu,
mara bibi wa kadi anaingia kwa Kiingereza chake cha puani
kutangaza kwamba imebaki moja.
Hapo ndipo mtu anapokumbuka: karo, hati ya shamba, posa.

Barua, walisema, ni nusu ya kuonana.
Hii je, ni robo? Ni thumni?

Nikabandika karatasi: ANZA NA SHIDA, SALAMU BAADAYE.
Wakaniona sina adabu. Dafrosa, nesi wa zamu ya usiku,
alijaribu mara moja: "Mama, yule ng'ombe auzwe."
Kimya upande wa pili. Kisha: "Nani amekufa?"
Dakika sita za kuapa kwamba hakuna aliyekufa.
Nikabandua karatasi.

Faida ilikuwa kwenye milio.
Paundi moja na nusu, nabonyeza namba moja moja
kwa kufuata daftari: nne, nne ndefu, nyota, tano.
Vijana walitaka vya kutisha.
Shemasi mmoja alitaka tarumbeta ya siku ya mwisho;
nilimpa, ikamlilia akiwa benki.

Halafu akaja Mwakio, mlinzi wa ghala la matairi,
koti la kazi likimpwaya mabegani.
Hakutaka wimbo. Alitaka mama yake.
Nikampunguzia bei ya kadi, nikajuta, nikampunguzia tena,
nikaegesha simu yake penye spika ya yangu.
Kinyozi akazima mashine bila kuambiwa.
"Mwambie akuite kama ulipokuwa na mbuzi kule juu."
Mama akaona haya. Akauliza nani yuko hapo.
Akanisalimia mimi, ambaye hanijui, na wanangu, na baridi yetu.
Bibi wa kadi akasafisha koo.
Ndipo: "Mwakiooo! Weee! Chakula kinapoa!"
Sekunde nne. Na mbwa kwa nyuma.

Siku hizi kupiga ni bure
na watu hawapigi; wanatumiana kidole gumba.
Kadi mia mbili ninazo chini ya kitanda, hazijakwanguliwa,
zina dakika zote zilizoahidiwa.

Mwakio nilimwona juzi hospitalini, foleni ya dawa.
Mama alishazikwa, mwaka wa tisa huu.
Simu ni ile ile, imefungwa utepe. Ikalia:
chakula kinapoa.
Foleni nzima ikageuka.
Akatazama kioo. "Kampuni ya umeme," akasema, "wananidai,"
akaiacha iite mpaka ikanyamaza.